Mashine ya Kufulia Nyumbani: Uchaguzi na Utunzaji Unaolinda Afya ya Familia

Katika kaya nyingi za mijini, kazi ya kufua inahama taratibu kutoka kwenye beseni na kuingia kwenye mashine. Mnunuzi afikapo dukani huuliza bei, ukubwa na muda wa dhamana. Ni nadra kuuliza iwapo mashine hiyo inaweza kuondoa vijidudu vya maradhi kwenye nguo. Swali hilo ni zito kwa kaya yenye mtoto mchanga, mgonjwa mwenye kidonda kinachotoa usaha, mzee asiyeweza kuzuia haja, mtu anayetibiwa saratani, au mhudumu wa afya anayerudi nyumbani na sare aliyoshinda nayo wodini.

Makala haya yanaeleza ni kitu gani hasa huondoa vijidudu kwenye nguo, namna ya kuchagua mashine inayolingana na hali ya kaya, na namna ya kuitunza ili isigeuke kuwa maskani ya vijidudu hivyo.

Nini huondoa vijidudu kwenye nguo

Mashine yenyewe haiui vijidudu. Kazi yake ni kuzungusha nguo ndani ya maji. Usalama wa nguo hutokana na mambo manne: msuguano wa maji unaobandua uchafu, sabuni inayoyeyusha mafuta na jasho, joto linaloua vijidudu vilivyosalia, na ukavu unaovinyima unyevu wa kuishi. Jambo moja likipungua, mengine hayana budi kuongezwa.

Kwa nguo za kawaida za watu wenye afya njema, maji baridi, sabuni ya kutosha na jua kali hutosha. Joto linahitajika pale ambapo nguo au mashuka yamepata damu, usaha, kinyesi au matapishi, au pale ambapo nyumbani kuna ugonjwa unaoambukizwa kwa nguo. Kiwango kinachopendekezwa kwa nguo za namna hiyo ni nyuzijoto 60 za Selsiasi au zaidi.

Mifano miwili inafafanua. Wadudu wa upele hufa wakikaa kwenye nyuzijoto 50 kwa dakika 10. Kwa hiyo mgonjwa wa upele akipaka dawa bila kufua kwa maji ya moto nguo, taulo na mashuka aliyoyatumia siku za karibuni, anaweza kuambukizwa upya. Vitu visivyofulika, kama vile mto wa sufi, vinaweza kufungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwa kuwa wadudu hao kwa kawaida hawaishi zaidi ya siku tatu nje ya ngozi ya binadamu. Mfano wa pili ni utitiri wa vumbi, unaoishi kwenye magodoro na matandiko na kuchochea pumu kwa baadhi ya wagonjwa. Maji baridi huondoa sehemu kubwa ya vichochezi vyake lakini huuacha utitiri ukiwa hai. Nyuzijoto 60 huuua.

Mafunzo kutoka Ujerumani na Uingereza

Kati ya Aprili 2012 na Mei 2013, watoto wachanga 13 na mtoto mwingine mmoja katika wodi ya hospitali moja ya watoto nchini Ujerumani walikutwa na bakteria aina ya Klebsiella oxytoca, wa aina sugu kwa antibayotiki nyingi. Kwa bahati njema walikuwa wamewabeba tu bila kuugua. Uchunguzi haukuona chanzo kwa wauguzi wala kwa wazazi. Bakteria walipatikana kwenye droo ya sabuni na kwenye mpira wa mlango wa mashine ya kufulia ya aina ya nyumbani, ambayo ilitumika kufulia kofia na soksi za watoto hao. Mashine ilipoondolewa, maambukizi mapya yalikoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn walichapisha taarifa hiyo mwaka 2019.

Mwaka 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha De Montfort, Uingereza, walipima mashine sita za nyumbani kwa kufua vipande vya nguo vilivyopakwa bakteria. Nusu ya mashine hizo zilishindwa kutakasa nguo kwa programu ya haraka, na theluthi moja zilishindwa hata kwa programu ya kawaida.

Mafunzo hayo yanagusa hata kaya zetu. Namba ya nyuzijoto iliyoandikwa kwenye kitufe haithibitishi kuwa maji yamefikia joto hilo, wala kwamba yamedumu nalo kwa muda wa kutosha. Vilevile, mashine isiyosafishwa huweza kuzirudishia vijidudu nguo zilizokwisha kufuliwa.

Kuchagua mashine

Sokoni kuna aina kuu tatu. Ya kwanza ni mashine ya matangi mawili: moja la kufulia, jingine la kukamulia. Bei yake ni nafuu, hujazwa maji hata kwa ndoo, na hurekebishwa kwa urahisi. Hata hivyo, kwa kawaida haina kipasha maji, na mtumiaji hugusa nguo mbichi kwa mikono anapozihamisha. Ya pili ni mashine ya otomatiki inayopakiwa kwa juu. Hurahisisha kazi, ila hutumia maji mengi, na nyingi hazipashi maji. Ya tatu ni mashine inayopakiwa kwa mbele. Hutumia maji machache zaidi, na kwa kawaida ina kipasha maji ndani yake. Bei yake ni ya juu, na mpira wa mlango wake huhitaji usafi wa mara kwa mara.

Kaya yenye mgonjwa wa muda mrefu, mtoto mchanga au mhudumu wa afya, ikiwa ina uwezo, ichague mashine yenye kipasha maji. Kabla ya kulipa, mambo haya yazingatiwe:

1. *Joto.* Mnunuzi asome kwenye kijitabu iwapo kuna programu ya nyuzijoto 60 na 90, na inachukua muda gani. Programu za kuokoa umeme mara nyingine hazifikii joto lililoandikwa. Programu ya pamba ya nyuzijoto 60, ambayo huchukua zaidi ya saa moja, ni ya kuaminika kuliko ya dakika 15 au 30.

2. *Maji.* Mashine nyingi za otomatiki huhitaji msukumo wa maji wa takriban baa 0.5. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa 1. Hivyo tangi linapaswa kuwa takriban mita 5 juu ya mahali mashine inapounganishwa, au pawe na pampu ndogo. Msukumo ukiwa hafifu, mashine husimama katikati na nguo hulowa kwa saa nyingi, hali inayowafaa bakteria. Mahali ambapo maji ya bomba hayatoki kila siku, mashine ya matangi mawili inaweza kuwa uamuzi wa busara.

3. *Umeme.* Kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 60 kunahitaji takriban uniti 0.6. Gharama hiyo inabebeka ikiwa joto litatumika kwa nguo zinazolihitaji tu. Mashine iliyotumika nje ya nchi ichunguzwe bamba lake la nyuma: umeme wa Tanzania ni volti 230 na mizunguko 50, ilhali mashine ya Japani hutengenezwa kwa volti 100 na ya Marekani kwa volti 120. Waya wa eathi ni wa lazima, kwa kuwa umeme na maji viko mahali pamoja.

4. *Ukubwa.* Kaya ya watu wanne hadi sita huhudumiwa vyema na mashine ya kilo 7 au 8. Mashine ndogo hushawishi kushindilia nguo, na nguo zilizoshindiliwa hazipati msuguano wala sabuni. Ngoma iachwe na nafasi ambayo mkono unaweza kupita juu ya nguo.

5. *Usalama wa watoto.* Kitufe cha kufunga mlango kwa ajili ya watoto kina manufaa. Mtoto mdogo anaweza kuingia ndani ya ngoma kwa kucheza. Sabuni na klorini viwekwe juu, mbali na mikono yake, wala visihamishiwe kwenye chupa za soda au maji ya kunywa.

Ikiwa mashine haipashi maji, au kaya haina mashine

Hakuna sababu ya kuingia kwenye deni kwa ajili ya mashine. Sufuria, moto na jua vimewahudumia wagonjwa kwa vizazi vingi. Nguo nyeupe za pamba zinaweza kuchemshwa. Njia nyingine, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pale ambapo maji ya moto hayapatikani, ni kuloweka mashuka yaliyokwisha kufuliwa kwa sabuni katika maji yenye klorini ya asilimia 0.05 kwa dakika 30, kisha kuyasuuza kwa maji safi na kuyakausha juani.

Klorini ya dukani inayoitwa jiki mara nyingi ina nguvu ya asilimia 3.5, ingawa lebo isomwe kwanza. Kwa nguvu hiyo, mililita 285 hivi katika ndoo ya lita 20 hutoa kiwango kinachotakiwa. Klorini isichanganywe kamwe na siki, maji ya limau au dawa ya kusafishia choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu. Nguo za rangi hupauka kwa klorini. Hizo zifuliwe kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyohimili, zikaushwe kabisa na kupigwa pasi.

Kushika nguo za mgonjwa

Nguo zenye damu au kinyesi zisikung'utwe, kwani kufanya hivyo husambaza vijidudu. Kinyesi kiondolewe kwanza na kumwagwa chooni, kwa kuwa uchafu hudhoofisha sabuni na klorini. Nguo hizo zifuliwe peke yake, na anayezishika avae glavu kisha anawe mikono kwa sabuni. Nguo za mgonjwa anayepata dawa za saratani, zikipata mkojo au matapishi yake katika siku za mwanzo baada ya dawa, zifuliwe mara mbili mbali na za wengine. Sare ya mhudumu wa afya ibebwe nyumbani kwenye mfuko wake, ifuliwe peke yake kwa nyuzijoto 60 au zaidi, na mfuko wa kitambaa ufuliwe pamoja nayo.

Kuanika nako kuna umuhimu. Katika maeneo mengi ya Afrika, yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mabuu yake hupenya ngozi na kuleta uvimbe unaofanana na jipu. Nguo zianikwe kwenye kamba, juani, na zipigwe pasi ya moto hadi kwenye mishono, hususan nepi na nguo za watoto.

Utunzaji wa kila siku, kila wiki na kila mwezi

Vijidudu hujenga utando laini mahali penye unyevu na mabaki ya sabuni. Harufu ya uvundo kwenye taulo zilizotoka kufuliwa ni dalili ya utando huo.

Kila baada ya kufua, nguo zitolewe mara moja. Mlango na droo ya sabuni viachwe wazi ili hewa ipite, isipokuwa pale penye watoto wadogo, ambapo chumba chenyewe kifungwe. Mikunjo ya mpira wa mlango ifutwe kwa kitambaa kikavu.

Kila wiki, droo ya sabuni ichomolewe na kusuguliwa kwa brashi. Sabuni ipimwe kama kifungashio kinavyoelekeza. Mashine ya kupakia mbele itumie sabuni yenye povu dogo. Sabuni ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi linalozuia msuguano na kuacha mabaki, ambayo pia huwasha ngozi ya watoto na ya wenye pumu ya ngozi.

Kila mwezi, mashine yenye kipasha maji iendeshwe tupu kwa nyuzijoto 60 au zaidi ikiwa na sabuni ya unga. Mashine isiyopasha iendeshwe tupu kwa kipimo kidogo cha klorini, kisha isuuzwe kwa mzunguko mwingine wa maji matupu. Chujio la pampu lifunguliwe umeme ukiwa umekatwa, na maji yakiwa yamepoa. Mahali penye maji ya chumvi au magumu, kama ya visima vingi, ukoko hujikusanya kwenye kipasha maji na kukipunguzia nguvu. Huondolewa kwa asidi ya sitriki, siku tofauti na ile ya klorini.

Hitimisho

Mashine nzuri ni ile ambayo kaya inaweza kuipatia maji, umeme na usafi inaouhitaji. Wahudumu wa afya wanapomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani, wamuulize pamoja na mambo mengine: nguo zake zitafuliwa na nani, kwa maji gani, na zitakaushwa wapi? Swali hilo huchukua dakika moja, na jibu lake laweza kuepusha kidonda kuoza, upele kurudi, au maambukizi kuwafikia wengine wa nyumba ile ile.