Nyama ni mnyama au ni mboga? Maneno katika masomo ya ekolojia

Kwa wengi wetu, anayesoma ekolojia na ulinzi wa wanyama hadi masta au doktora ni mtu wa buti na darubini: anaingia porini, anakaa miezi, anatoka na memwari iliyojaa tarakimu. Picha hiyo si ya uongo, lakini inaacha jambo kubwa. Tarakimu nyingi za memwari ile zilipita kwanza kinywani mwa mtu wa kijiji, na huko ndiko ziliweza kuharibika. Sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tuna kazi pale, na bado hatujaiomba.

Mahali pa kusomea hapakosi hapa Kongo. Universite ya Kisangani imezungukwa na msitu. Wanafunzi wake hufanya kazi katika hifadhi za Masako na Yoko, au wanashuka mto hadi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambacho mpaka leo kinatunza hebaria kubwa ya mimea iliyokaushwa. Kinshasa, katika kampasi ya universite, iko ERAIFT, shule iliyoanza mwaka 1999 kwa msaada wa UNESCO, inayopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwafundisha kutazama msitu pamoja na watu wanaoishi ndani yake. Katika mpango wa LMD, masta ni miaka miwili baada ya lisansi. Sehemu ya muda huo ni ya darasani, takwimu na ramani, na sehemu ni ya pori.

Porini kazi yenyewe ni kuhesabu, na kuhesabu sokwe si kama kuhesabu mbuzi zizini. Sokwe anakusikia na kukimbia kabla hujamwona. Kwa hiyo mwanafunzi anafyeka njia nyembamba iliyonyooka, inayoitwa transekti, anatembea polepole na kuhesabu viota, kwa maana kila sokwe mkubwa hujitengenezea kiota cha kulala karibu kila jioni. Anapima pia umbali kutoka njia hadi kiota. Baadaye hesabu hugeuza viota kuwa sokwe, lakini kwa sharti moja: lazima ajue kiota hukaa siku ngapi kabla ya kuoza na kupotea. Akidhani ni siku 100, kumbe ni 200, atapata sokwe mara mbili ya waliopo kweli. Kwa tembo ni vilevile, ila pale anahesabu mavi.

Sasa nani anamwambia kwamba kiota hiki ni cha jana na kile ni cha mwezi uliopita? Mara nyingi ni pistere, mwongozaji wa pale pale, ambaye macho yake yamezoea majani kuliko yetu. Mwanafunzi anauliza, pistere anajibu, na neno moja linaingia katika daftari. Chukueni Lingala, ambayo upande wa Kisangani husikika kila siku pamoja na Kiswahili. Neno «lobi» ni jana, na pia ni kesho. Katika sentensi hakuna shida, maana kitenzi kinaonyesha kama siku imepita au inakuja. Lakini daftari halina kitenzi. «Lobi» iliyoandikwa peke yake ni alama ya ruta iliyotolewa ukutani: pistere alisema kiota ni cha jana, au alisema turudi kesho? Miezi sita baadaye, mbele ya kompyuta, hakuna wa kujibu.

Neno linalonisumbua zaidi ni letu wenyewe. Kiswahili cha vitabu kinatenga mnyama na nyama. Kiswahili tunachosema Kongo, kwa kawaida, hakitengi: nyama ni yule anayekimbia porini, na nyama ni mboga iliyo kwenye sahani. Mwanafunzi anafika kijijini na karatasi ya maswali iliyotungwa kwa Kifaransa, anatafsiri palepale bila kujiandaa: «Nyama gani imepunguka huku?» Mama mmoja anajibu kufuatana na bei ya sokoni, mwindaji anajibu kufuatana na mitego yake, na majibu yote mawili yanaandikwa katika safu moja. Au anauliza kama kuna makako. Ndiyo, wapo! Lakini «makako» inaweza kufunika aina nyingi za kima, wengine wengi, wengine wakikaribia kwisha. Anayekwisha anajificha nyuma ya jina la aliye wengi.

Kinyume chake pia hutokea, lugha ya kijiji ikiitangulia sayansi. Mwaka 2007, huko Opala, watafiti walimkuta kima mdogo aliyefugwa nyumbani mwa watu. Hakuwa katika kitabu chochote, lakini wenyeji walikuwa na jina lake, lesula, na wawindaji walimjua vizuri. Sayansi ilimpa jina lake, Cercopithecus lomamiensis, mwaka 2012, na mwaka 2016 sehemu ya msitu wake ikawa Parki ya Lomami. Okapi naye: Stanley aliandika mwaka 1890 kwamba watu wa Ituri walimweleza mnyama kama punda wanayemwita «atti». Mwaka 1901 wataalamu wa London, wakiwa na vipande vya ngozi tu mkononi, walimweka kwanza katika jamaa ya farasi. Walipopata fuvu ndipo walipoona kwamba ni ndugu wa twiga, na jina la wenyeji likaingia katika Kilatini: Okapia.

Tena kuna swali la nani anaulizwa. Parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, na Watwa waliokuwa wakiishi mle walifukuzwa. Mwanafunzi anayewafikia leo na maswali juu ya sokwe haanzi na karatasi nyeupe. Akisema «parki», wao wanasikia kufukuzwa, na jibu linalofuata ni la kujilinda.

Basi mtu wa lugha angefanya nini? Angeijaribu karatasi ya maswali kabla haijaenda porini: anaitafsiri, anampa mwingine airudishe katika Kifaransa bila kuona ya kwanza, halafu analinganisha. Angekusanya majina ya wanyama kwa kuwauliza wawindaji watatu au wanne, kila mmoja peke yake. Picha hazitoshi, kwa sababu kwenye karatasi panya na nungu wanalingana ukubwa. Afadhali alete pia sauti zilizorekodiwa, maana ndege wengi wa msituni husikika tu. Majina yanapopishana, asichague moja haraka. Aandike yote, kijiji kwa kijiji, pamoja na toni. Hiyo inatosha kuwa memwari katika fakilte yetu, na haidai buti.