Je, Mfichuzi ni Msaliti?

Mwanafunzi akimwambia mwalimu kwamba sukari ya jikoni inaibwa, wenzake humwita mchongezi. Bwenini hasemeshwi wiki nzima. Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka jambo lenyewe lilipobisha hodi nyumbani kwetu hapa Garissa.

Wakati wa ukame wa 2022, mjomba wangu alikuwa karani wa stoo moja ya chakula cha msaada. Siku moja lori lilishusha magunia 260 ya mahindi, ilhali hati ilisema 300. Mkubwa wake akamwambia, "Weka sahihi tu, ndugu yangu. Haya ni mambo yetu." Tena mkubwa huyo alikuwa wa ukoo wetu, na ndiye aliyemtafutia kazi! Usiku mjomba alimwuliza mama, "Dada, nikinyamaza si nimeiba pia?"

Naam, hilo ndilo swali letu. Mfichuzi ni mfanyakazi anayetoa habari za wizi au hatari inayofichwa kazini. Mchongezi hutaka mwenzake aumie, lakini mfichuzi hutaka madhara yakome. Kwa hivyo, kabla ya kusema, ajiulize: Je, nina ushahidi, au nimesikia tu? Nikinyamaza, nani ataumia? Nimwambie nani kwanza?

Siri halali zipo. Karani wa hospitali hana ruhusa kutangaza ugonjwa wa mtu. Lakini siri inayomnyima mjane unga wake ni ya kumlinda mwizi, si ya kulinda kazi.

Hata hivyo, tusidanganyane, kusema kuna gharama. David Munyakei alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya. Aliona kampuni ya Goldenberg ikilipwa mamilioni kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya ilikuwa na dhahabu kidogo mno na haikuchimba almasi. Alitoa nakala za karatasi zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka hayakufika popote, lakini kazi alifutwa. Alipewa tuzo ya uadilifu mwaka 2004, na mwaka 2006 akafariki akiwa maskini.

Siku hizi sheria imesogea kidogo. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 humkinga anayeisaidia tume kwa habari anazoamini ni za kweli. Mwongo hana kinga. Sheria ya Hongo ya 2016 nayo inamwadhibu anayemtisha mtoa habari za hongo: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Tume ya EACC ina ofisi papa hapa Garissa.

Na mjomba je? Aliandika 260, kisha akapeleka nakala kwa wasimamizi wa msaada. Mkataba wake ulipoisha hakuitwa tena. Hata harusini wapo wazee wasiompa mkono. Nilipomwuliza kama anajuta, alijibu, "Kazi nimeikosa, ndiyo. Lakini magunia 40 ni watu wangapi?"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wanachama wenzangu, kesho sisi ndio makarani, wauguzi na wahasibu. Tukipewa hati ya 300 mbele ya magunia 260, tutaandika ngapi?