Punje ngapi za komamanga?

Ugomvi ulikuwa wa hesabu. Kitinda mimba, mwenye miaka 6, alishikilia kwamba Persephone alikula punje sita za komamanga kule kuzimu. Kaka yake wa miaka 10 akasema saba, na kitabu anacho. Dada yao wa miaka 14 akawaacha wabishane weee, kisha akasema ni moja tu, tena hakuila kwa kupenda.

Nilifika kwenye nyumba hiyo ya Tanga kwa shughuli nyingine kabisa, lakini zile punje hazikunitoka akilini. Nikarudi kumwona mama yao, mwalimu wa sekondari ambaye wikiendi huwasomea wanawe watatu, kwenye mkeka mmoja, hadithi za kale za Wagiriki. Vitabu ni vya Kiingereza; yeye husimulia kwa Kiswahili papo hapo, akianza na “Paukwa!” kama alivyoanza bibi yake.

“Wote watatu wamesema kweli,” aliniambia. Punje sita ni za Nathaniel Hawthorne, Mmarekani aliyewaandikia watoto Tanglewood Tales mwaka 1853. Saba ni za Ovid, mshairi wa Kirumi wa miaka 2,000 hivi iliyopita. Ile moja imo katika utenzi wa Kigiriki wa kumsifu Demeter, mama yake Persephone, uliotungwa kabla ya hao wote.

Kisa chenyewe wengi wanakijua: Hades, mfalme wa kuzimu, anamnyakua binti akichuma maua, mama anamtafuta, anasusa, nafaka hazioti. Binti anarudishwa, ila kwa kuwa ameonja chakula cha huko, kila mwaka lazima arudi kwa muda.

Nilidhani mwalimu angezungumzia idadi. Yeye akauliza swali jingine: nani aliyelitia lile tunda mdomoni?

“Kwa Ovid, msichana amelichuma mwenyewe bustanini. Kuna mmoja kamwona, akaenda kusema, akageuzwa bundi. Hapo wadogo wanafurahi sana, maana bundi wanamjua, akilia juu ya bati watu hawalali. Lakini katika utenzi, Hades ndiye anayempa kwa siri, na binti anamwambia mama yake kwamba alilazimishwa. Sasa mkubwa wangu ana miaka 14. Hilo nimpitishie juu juu?”

Hakumpitishia. Alimchapishia utenzi wote, binti akausoma peke yake, akarudi mkekani na kalamu nyekundu. Alikuwa amepigia mstari mahali pamoja: Zeus, baba mtu, ndiye aliyemwoza mwanawe kwa nduguye Hades, bila mama mtu kuambiwa.

“Akaniuliza, ‘Mama, yeye mwenyewe aliulizwa?’ Nikamwambia hapana. Akanyamaza. Halafu akaanza kunihesabia wasichana anaowajua.”

Kwa kitinda mimba mambo ni mengine. Yeye bado yuko na Hawthorne, ambaye alikuwa na watoto wadogo nyumbani alipoandika, na aliyemfanya Persephone kuwa mtoto tu na Hades kuwa mpweke anayetamani kusikia sauti ya mtoto katika jumba lake. Ndoa haimo kabisa. Nilimwuliza mwalimu kama huko si kuwadanganya watoto. Alifikiri kwa muda.

“Bibi alinisimulia Sungura na Fisi namna moja nikiwa mdogo, na namna nyingine nilipovunja ungo. Sikumwona mwongo. Ila yeye hadithi zilikuwa zake. Hizi si zangu, na hilo linanisumbua.”

Linanisumbua na mimi. Najua wazazi wanaoweka vitabu hivi mbali mpaka watoto wakue, na siwalaumu. Lakini nilimwona yule mdogo akisikiliza habari za Demeter, siku tisa na mienge mikononi, hali chakula, akimwita mwanawe. Mtoto hakuogopa hata kidogo. Alitaka kujua kwa nini hakuwauliza majirani mapema.

Kwa sasa mkubwa ameombwa asimwambie mdogo wake juu ya ile ruhusa ya Zeus. Amekubali, kwa sharti: siku mdogo akiuliza mwenyewe baba alikuwa wapi wakati binti anachukuliwa, atajibiwa ukweli, na atakayejibu ni yeye dada mtu. Mama anasema jibu hilo angependa alitoe yeye. Hawajaafikiana.