Panda: kolektere ya hewa ya alumini inahitaji vipimo kuliko moto

LIKASI – Gari linaingia garajini likitetemeka. Likisimama, moteri inapanda na kushuka yenyewe. Likikuta mlima, linakosa nguvu. Fundi anabadilisha buji, anasafisha filtri ya hewa, lakini ugonjwa hautoki. Mwishowe anaona ufa mdogo kwenye kolektere, yaani lile bomba lenye mikono kadhaa linalogawia kila silinda hewa yake.

Kwenye magari mengi ya siku hizi, kifaa hicho ni cha plastiki. Joto la moteri linaikausha mwaka baada ya mwaka mpaka inapasuka, na ukiipaka gundi haikai. Mwenye gari anabaki na njia tatu. Anaweza kungojea kipande kipya kutoka Lubumbashi, umbali wa karibu kilomita 120, au kutoka mbali zaidi. Anaweza kununua kilichotolewa kwenye gari lingine, bila kujua kitaishi siku ngapi. Au anaweza kumwomba fundi amtengenezee kingine cha alumini.

Kwa mtu anayelisha watoto kwa teksi, kila siku gari linapolala ni siku ya kukosa unga nyumbani. Ndiyo sababu njia ya tatu inavutia. Lakini kolektere iliyotengenezwa vibaya inaweza kuua moteri nzima, na hasara hiyo ni kubwa kupita bei ya kipande.

Elimu iliyotoka kiwandani

Kama kuna mahali ambapo kazi hii ina mizizi, ni Panda. Komine hii, moja kati ya nne za Likasi pamoja na Kikula, Shituru na komine ya Likasi yenyewe, ndiyo yenye karakana kuu za Gécamines. Humo chuma kiliyeyushwa, kikamiminwa, kikachongwa na kuunganishwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya Katanga. Kifaa kikivunjika mgodini, hawakungoja meli kutoka Ulaya: fundi wa mbao alichonga mfano wake, wa kalibu akaumimina, wa mashine akaukata mpaka ukafikia kipimo.

Kisha kampuni ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 1993 zilikuwa zimeshuka chini ya 50,000. Miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa na miaka mingi ya kazi mikononi. Elimu yao haikuandikwa yote kwenye vitabu. Anayetaka kuirithi inabidi akae karibu na mzee, aangalie, aulize.

Kwanza ni kupima

Kolektere ina sehemu tatu. Kuna bamba linalofungwa kwa buloni kwenye kilasi, yaani kichwa cha moteri. Kuna mikono, mmoja kwa kila silinda. Na kuna tumbo, chumba ambamo hewa inaingia kupitia mlango unaofunguliwa na pedali ya gazi.

Fundi anaanza na bamba. Anaweka karatasi ngumu juu ya kilasi, anachora kila tundu la hewa na kila tundu la buloni, kisha anahamisha mchoro kwenye alumini yenye unene wa milimita 10 hadi 12. Bamba jembamba litapinda likipigwa moto. Tundu la hewa likikosa kulingana na la kilasi, hata kwa milimita mbili, linaacha ukingo unaozuia hewa.

Urefu wa mikono nao si wa kubahatisha. Kila supapi ikifunga, inarudisha wimbi ndani ya bomba. Mikono mirefu inasaidia moteri ikizunguka polepole, mifupi inasaidia ikizunguka kwa kasi. Gari la kubeba watu na mizigo kwenye barabara ya Kolwezi linahitaji nguvu ya chini. Basi anayekata mikono iwe mifupi kwa sababu aliona hivyo kwenye gari la mashindano anamwibia mteja wake nguvu.

Tena Likasi iko karibu meta 1,300 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani. Hakuna kolektere ya kawaida inayoweza kurudisha hewa hiyo, na fundi anayeahidi hivyo anadanganya.

Moto wa alumini

Fundi aliyezoea kuunganisha chuma anaweza kushindwa siku ya kwanza. Chuma kinakuwa chekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho linapata onyo. Alumini haibadiliki rangi: inayeyuka kwenye digrii 660, na ghafla mkono mzima wa bomba unaanguka chini.

Juu yake kuna ngozi nyembamba isiyoonekana, kutu ya alumini, ambayo haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,000. Ngozi hiyo ikibaki, chuma cha ndani kinayeyuka lakini vipande havishikani. Kwa hiyo fundi anasafisha mafuta kwanza, halafu anakwangua kwa brosi ya inoksi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Anatumia posti ya TIG yenye mkondo wa umeme unaogeuka, kwa sababu mkondo huo ndio unaovunja ngozi, na gazi ya argoni ya kufukuza hewa. Umeme ukikatika katikati ya mstari, inabidi akwangue tena kabla ya kuendelea.

Wakati wote huo, bamba linafungwa kwa buloni juu ya kilasi ya zamani au kipande kinene cha chuma, ili lisipinde. Hata hivyo litapinda kidogo. Kazi ikiisha, linapelekwa kwenye mashine kusawazishwa. Fundi anayeruka hatua hii na kujaza pengo kwa gundi ya silikoni anatengeneza ufa mpya.

Ukikosa posti ya TIG, kuna njia ya kumimina. Mafundi wanaoyeyusha alumini chakavu na kutengeneza masufuria kwenye mchanga wanajulikana katika miji mingi ya Kongo, na kazi ya kolektere inafanana na yao. Tofauti ni kwamba kolektere ni tupu ndani, kwa hiyo unahitaji kiini cha mchanga kwa kila mkono. Mfano unachongwa mkubwa zaidi kwa milimita 1.3 hivi kwenye kila milimita 100, kwa sababu alumini inajikunja ikipoa. Pistoni za zamani zinafaa kuyeyushwa, maana zina silikoni inayofanya chuma kitiririke vizuri. Vyote vinavyoingia motoni viwe vikavu: tone la maji chini ya alumini iliyoyeyuka linalipuka na kurusha moto usoni.

Mambo mawili yanayoua

La kwanza ni uchafu. Kolektere iko nyuma ya filtri ya hewa. Chembe ya mchanga wa kalibu au unga wa kukata ikibaki ndani, hakuna kitu cha kuizuia isiingie kwenye silinda na kukwangua kuta zake. Kuipuliza kwa mdomo hakutoshi. Inaoshwa, inapigwa-pigwa, inaoshwa tena, na kidole kinapita kila kona.

La pili ni kusahau mabomba madogo. Kwenye magari mengi ya esanse, freni zinasaidiwa na nguvu ya kufyonza inayotoka kwenye kolektere. Fundi akisahau kutoboa tundu hilo, au bomba lake likivuja, moteri inaweza kuwaka vizuri, lakini pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe, na dereva anaigundua siku anaposhuka mlima na abiria. Kuna pia mahali pa vifaa vya kupimia hewa na pa enjektere, ambazo lazima ziangalie supapi sawasawa.

Kabla ya kufunga, fundi anaziba matundu yote, anaingiza hewa kidogo kwa pompi ya kinga na kupaka maji ya sabuni. Povu likitoka, hapo panavuja. Moteri inayovuta hewa ambayo haikupimwa inakosa mafuta ya kutosha, na ikibeba mzigo inaweza kupata joto mpaka supapi na pistoni zinaungua. Mtu asijaribu kutafuta tundu kwa kunyunyiza esanse kwenye moteri inayowaka. Gari litashika moto.

Mteja naye ana kazi yake. Kabla ya kulipa, aombe kuona bamba likiwekwa juu ya rula ya chuma bila mwanga kupita chini, aombe jaribio la sabuni lifanyike mbele yake, akanyage freni moteri ikiwa inawaka. Fundi mzuri hatakasirika. Na kijana anayejifunza kando yake aandike vipimo kwenye daftari, kila gari ukurasa wake. Wazee wa karakana walihifadhi mengi kichwani, na kila mmoja anayeaga dunia anaondoka nayo.