GTI Yako Inakosa Nguvu Ikipanda Karatina? Usinunue Pampu Kabla Uangalie Hiki Kikombe

Wasee wa Nyeri na Nanyuki wanapenda Golf GTI, ile ya 2005 hadi 2008. Ngori huanza ukipanda kutoka Sagana. Unakanyaga mafuta, dinga inagoma kuvuta, taa ya injini inawaka. Mashine inasoma P0087, na fundi anakwambia pampu ya presha ya juu imekufa, leta ganji.

Pole pole, boss. P0087 inasema tu presha ya mafuta iko chini. Inaweza kuwa filta imeziba ama pampu ya ndani ya tangi imechoka. Halafu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati ya kamshafti na pampu. Mafundi hukiita folowa. Kikiisha, pampu haisukumwi vile inafaa. Kikitoboka, kinaanza kula kamshafti, na hapo utalia.

Kukiangalia ni boliti 3 tu. Lakini usikimbilie spana. Huo mfereji hubeba mpaka bar 110 hivi, na tairi lako lina kama 2. Petroli ikikudunga mkononi, utaona kashimo kama ka sindano, kumbe ndani nyama inaharibika. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, si kesho.

So, chomoa fyuzi ya pampu ya tangi, washa injini mpaka izime yenyewe. Acha ipoe kabisa, kisha toa waya hasi wa betri. Fanyia nje, mbali na jiko la makaa na fegi za mabeshte. Funika nati ya mfereji na kitambaa ndio uilegeze, juu petroli kidogo lazima itoke. Legeza boliti zote kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu springi inasukuma pampu nje.

Folowa ikiwa imebadilika rangi tu, kuna uhai bado. Ikiwa na shimo, weka mpya na uchungulie kamshafti. Kama kamshafti imechimbika, funga mambo, itia fundi, hiyo si kazi ya uani.

Ukirudisha, paka folowa oili, weka o-ringi mpya, kaza boliti sawasawa. Rudisha fyuzi na betri, fungua switchi mara 3 bila kupiga stata, alafu umulike na tochi. Ukiona hata tone moja, usiwashe.