Muvi ya Shilingi 500 Kwenye Flashi: Nani Hasa Anaumia?

Ni jioni, umetoka kazini. Unapita kwenye kibanda cha muvi pale mtaani, unampa jamaa flashi yako na shilingi elfu mbili. Anakuuliza, "Nikuwekee za Kikorea au za Bongo?" Dakika chache baadaye unaondoka na muvi nne mpya. Bei poa, na hakuna aliyepiga kelele za mwizi.

Lakini katika biashara hiyo kuna mtu hajapata hata senti: aliyeitengeneza filamu yenyewe. Wengi tunalijua hilo, ila tunaona ni jambo dogo. Hebu tuangalie pesa inavyopotea na kwa nini mwisho wake unamrudia hata mtazamaji.

Filamu inatengenezwa kwa pesa ya nani?

Kabla hujaiona filamu, prodyuza ameshatoa pesa mfukoni au amekopa. Kuna kukodi kamera, taa na vifaa vya sauti. Kuna nyumba ya kurekodia, usafiri na chakula cha watu wote kwenye seti. Kuna mwandishi wa stori, waigizaji, mtu wa mekapu na mhariri anayekesha kwenye kompyuta. Yote hayo yanalipiwa kabla hata nakala moja haijauzwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme filamu imegharimu shilingi milioni 20 na nakala halali inamwingizia prodyuza shilingi 2,000. Anahitaji watu 10,000 wanunue ili arudishe tu mtaji wake. Faida bado.

Sasa vibanda 100 vinanunua nakala moja moja halali. Hapo prodyuza kapata shilingi 200,000. Kila kibanda kinaiingiza kwenye kompyuta na kuwawekea wateja 40 kwa shilingi 500. Watu 4,000 wameiona filamu, vibanda vimeingiza milioni 2, na prodyuza bado ana laki mbili zake zilezile.

Utasema, "Hao 4,000 wasingenunua wote kwa bei ya halali." Kweli kabisa. Lakini hata robo yao tu wangenunua, prodyuza angepata milioni 2. Na hapa tumedhani kila kibanda kilianza na nakala halali. Kiuhalisia, vingi hunakiliana vyenyewe kwa vyenyewe.

Tuliona ilivyokuwa kwa Bongo Movie

Miaka ya enzi za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, filamu za Kitanzania ziliuzwa sana kwenye CD na DVD. Kawaida prodyuza aliuza haki kwa msambazaji, naye akachapa nakala na kuzisambaza mikoani.

Ukiwa msambazaji, ukaona filamu uliyoilipia inauzwa mtaani kwa bei ya kutupwa hata kabla hujamaliza mzigo wako, filamu inayofuata utainunua kwa bei gani? Utaishusha tu. Prodyuza naye akilipwa kidogo, anapunguza siku za kurekodi, anatumia nyumba moja toka mwanzo hadi mwisho, na stori moja anaigawa Part 1 na Part 2 ili auze mara mbili. Halafu sisi watazamaji tunalalamika, "Bongo Movie hawana ubora," na tunarudi kibandani kuwekewa za nje.

Uharamia sio sababu pekee. Simu janja zilibadilisha namna watu wanavyoangalia filamu, na stori nyingine zilikuwa dhaifu kweli. Lakini ni vigumu kuinua ubora wa kazi ambayo haimrudishii mwenyewe mtaji.

Mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, ili nakala halali ijulikane. Ilisaidia kutofautisha kasha halali na la wizi. Tatizo ni kwamba stempu ilibandikwa kwenye kasha, na flashi haina kasha.

Mwaka 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi. Wapo waliowacheka, wakawaambia watengeneze kazi nzuri kwanza. Ila hoja yao ilikuwa na uzito. Muuzaji wa muvi za Hollywood zilizonakiliwa hakugharamia chochote, kwa hiyo anaweza kuuza kwa bei yoyote. Prodyuza wa Sinza aliyekopa ili arekodi atashindanaje naye?

"Za nje si hazina mwenyewe?"

Zina wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tangu 1994 ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, unaozitaka nchi wanachama kulinda kazi za wenzao. Kwa hiyo filamu ya Korea, India au Nigeria inalindwa hapa kama ya Kitanzania. Na ulinzi huo unaanza pale kazi inapotengenezwa, hata kama haijasajiliwa.

Na zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili? Tunawapenda DJ wetu, wanatuchekesha hadi tunasahau stori yenyewe. Lakini haki ya kuruhusu tafsiri ni ya mwenye kazi. Kuweka sauti juu ya filamu ya mtu bila ruhusa hakuifanyi kuwa yako.

Vivyo hivyo kwa vibanda umiza na mabasi ya mikoani. Kununua nakala moja ya kuangalia nyumbani ni tofauti na kuionyesha kwa watu kibiashara. Hiyo inahitaji ruhusa yake.

Muuzaji naye yuko hatarini

Wengi wanaoendesha vibanda hivi ni vijana waliojiajiri, wana kodi ya fremu na familia zinawategemea. Ni rahisi kuwaita wezi, lakini ni majirani zetu. Shida ni kwamba wamejenga maisha juu ya biashara ambayo msako mmoja unaweza kuimaliza. Kompyuta na nakala zote zinaweza kuchukuliwa, na sheria ina faini na kifungo. Muuzaji hawezi hata kwenda benki kuombea mkopo mzigo ambao si wake.

Kwa anayetaka kubaki kwenye kazi hii, aanze kwa kuuliza COSOTA na Bodi ya Filamu taratibu za kuuza na kuonyesha filamu. Kuna pia njia ya kukubaliana moja kwa moja na maprodyuza wa hapa nyumbani, mauzo yakawa na mgawo unaojulikana.

Na wewe mnunuzi unapoteza nini?

Kwanza, usalama. Flashi inayoingia kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mtaa mzima inaweza kurudi na virusi. Kwenye simu ni hivyohivyo: tovuti za muvi za bure hujaa vitufe vya "Pakua" vinavyokupeleka kwingine, na programu usizozijua zinaomba kusoma meseji zako. Simu hiyohiyo ndiyo yenye pesa zako za mtandao.

Pili, ubora. Umefika katikati ya stori, mara sauti inakata, au unaona kichwa cha mtu anapita maana muvi ilirekodiwa kwa kamera ndani ya ukumbi wa sinema.

Tatu, watoto. Filamu zinazopita kwa Bodi ya Filamu hupangiwa madaraja ya umri. Ya kwenye flashi haina onyo lolote, na mtoto akiifungua ndiyo mnajua kilichomo.

Ufanye nini basi?

Njia halali siku hizi hazidai pesa nyingi kila mara:

• Angalia filamu kwenye chaneli rasmi ya YouTube ya prodyuza au msanii. Kwako ni bando tu, na mwenye chaneli anaweza kulipwa kupitia matangazo.

• Kama una king'amuzi, chaneli kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zinaonyesha kazi za hapa nyumbani.

• Filamu ya Kitanzania ikiingia ukumbini, nenda hata mara moja kwa mwaka na familia.

• Ukinunua DVD, hakikisha ni nakala halali.

• Usitume filamu nzima kwenye grupu la WhatsApp au Telegram. Tuma linki rasmi.

Hakuna anayetegemea uache kila kitu leo. Lakini safari ijayo ukiwa pale kibandani, na jamaa akakuonyesha filamu ya Kibongo iliyotoka wiki hii, muulize kama mwenyewe anaiuza wapi. Ikiwa ipo kwa njia halali na bei unaimudu, ile 500 iongezee kidogo, uipeleke huko.