Mji uliookolewa na mchanga

Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya Hoi An, mji mdogo wa bandari katikati ya Vietnam, kando ya mto Thu Bon. Katika karne ya 16 na ya 17 Wachina na Wajapani walifika hapo kununua hariri, wakangoja pepo za msimu ziwarudishe kwao. Waliobaki walijenga. Wajapani wanakumbukwa kwa daraja lenye paa, na Wachina kwa majumba yao ya mikutano, kila jimbo na lake.

Baadaye mto ukajaa mchanga. Meli kubwa zikahamia Da Nang, na fedha zikazifuata. Hapo ndipo penye kisa: asiye na fedha habomoi nyumba ya mbao ili ajenge ya saruji. Ufukara ndio ulioutunza mji huo, hata mwaka 1999 UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sasa fedha zimerudi na watalii. Sebule nyingi zimegeuka maduka ya taa za hariri na vyumba vya mafundi cherehani. Mwaka 2024 daraja lilipofunguliwa baada ya matengenezo, watu walinung'unika kwamba linang'aa mno, kama la jana. Mimi siwalaumu mafundi. Mbao zilizooza hazingojei. Wasiwasi wangu uko kwenye nyumba. Mafuriko yakija, wenyeji hupandisha mali ghorofani kupitia tundu lililoachwa darini. Mwenye nyumba akishahama, akabaki mpangaji anayefunga duka jioni na kwenda zake, nani atalifungua tundu hilo usiku maji yakiingia?